Reali 55: hesabu ya maisha yangu katika mji mdogo wa viwanda huko Brazili

Usiku mmoja wa mwezi wa pili mwaka 2025, siku chache kisha M23 kuingia Bukavu, mdogo wangu aliye Uvira alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakipita mbio njiani na mlango wa mabati ukifungwa. Hakusema neno juu ya vita. Aliuliza hivi: "Yaya, kwenu Brazili mtu anaishi na pesa ngapi kwa mwezi? Nimepata mtu wa kununua parsele ya Papa."

Parsele ile iko Kasenga. Ndiyo kitu pekee tulichobaki nacho, maana nyumba ya Mulongwe ilibebwa na maji ya mto mwezi wa nne 2020, ile mafuriko ambayo kila mkaaji wa Uvira anaikumbuka. Pale Kasenga hakuna nyumba. Kuna msingi wa mawe, miti miwili ya maembe, na karatasi yenye jina la Papa.

Usiku ule sikumjibu. Nilikaa kitandani na simu mkononi mpaka niliposikia treni ya kwanza. Leo ninajibu, na ninaweka jibu hapa kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Tangu vita visogee kwetu, vijana wengi wananiandikia swali hilo hilo. Wanadhani gharama ya maisha ni namba moja. Mimi pia nilidhani hivyo.

Wengine wenu mnajua sauti yangu. Nilifanya kazi ya redio Uvira miaka sita: habari za soko, za mito, za watu waliokimbia kutoka milimani. Nilifika São Paulo mwezi wa kumi 2022, na viza yangu ndani ya pasipoti. Mwaka ule Wakongomani wa Brazili walikuwa wangali wanalia Moïse Kabagambe, kijana wetu wa miaka 24 aliyepigwa mpaka kufa mwezi wa kwanza kando ya bahari huko Rio de Janeiro. Familia yake ilisema alikuwa amekwenda kudai malipo ya kazi yake. Mama alipata habari ile kwa redio, na mimi ndiye niliyeisoma. Nilipomwambia kwamba ninakwenda nchi ile ile, alinyamaza, kisha akauliza kama kule wanalipa watu kabla ya kazi ama kisha kazi.

Nianze na karatasi, maana kila kitu kinaanzia pale. Brazili ina sheria ya wakimbizi ya mwaka 1997 na sheria ya wahamiaji ya mwaka 2017. Ukiomba hifadhi, unajiandikisha kwa polisi ya shirikisho, wanakupa karatasi, na kwa karatasi hiyo unaruhusiwa kufanya kazi wakati unangoja jibu. Unapata pia namba inayoitwa CPF. Bila namba ile hufungui konti, hupati kazi ya halali, na hata laini ya simu ni shida. Karatasi hizi hazilipishwi. Mtu akikuomba pesa ili akupatie CPF, mkimbie. Na mjue jambo hili: tangu mwezi wa nane 2024, msafiri anayepita uwanja wa ndege wa Guarulhos bila viza ya Brazili, akielekea nchi nyingine, hawezi tena kushukia pale na kuomba hifadhi kama zamani. Anaendelea na safari yake ama anarudi alikotoka. Kuna wenzetu waliouza kila kitu kwa njia ile iliyofungwa.

Miezi yangu ya kwanza niliishi Glicério, katikati ya São Paulo, kartie ambako mapadri wana nyumba ya kupokea wahamiaji na ambako unaweza kusikia Lingala na Kreyòl kwenye mlango mmoja. Nilipotoka kwa mapadri nilipanga chumba kimoja ndani ya nyumba kuukuu yenye vyumba vingi. Choo kimoja kwa familia tano. Bei: reali 900 kwa mwezi. Mama mmoja Mkongomani tuliyesali naye aliniambia: "Mwanangu, hapa unalipia jina la mji. Panda treni, nenda mpaka karibu na mwisho."

Karibu na mwisho wa njia ile ndiko Várzea Paulista. Ni mji mdogo wa watu zaidi ya laki moja, umbali wa kilomita kama 50 kutoka São Paulo, kati ya vilima na mto Jundiaí. Mbele ulikuwa sehemu ya mji wa Jundiaí, ukajitenga miaka ya 1960. Reli iliyo pale ilijengwa na Waingereza, ikafunguliwa mwaka 1867 ili kushusha kahawa mpaka bandari ya Santos. Kahawa iliondoka, viwanda vikaja kando ya reli: pampu za maji, dawa za kemia, vyuma. Wageni wa kutalii hawafiki. Alfajiri mji unamwaga watu wake ndani ya treni, jioni unawapokea wakiwa wamechoka. Ni mji wa namna hiyo.

Kupata nyumba ndiko nilikoelewa mara ya kwanza kwamba bei iliyoandikwa mlangoni si bei. Nilikwenda kwa mawakala wawili. Nyumba zao zilikuwa za reali 800, hata 700. Lakini wote waliniuliza: "Mdhamini wako ni nani?" Mdhamini kule ni mtu anayeweka sahihi kwamba usipolipa, yeye atalipa, na wanataka awe na nyumba yake iliyoandikwa kwa serikali. Mimi niliyefika juzi ningempata wapi mtu wa kuweka nyumba yake juu ya jina langu? Njia ya pili ni kuweka pesa ya dhamana. Sheria inasema isipite kodi ya miezi mitatu. Miezi mitatu ya reali 800 ni reali 2,400, na bado hujalipa mwezi wa kwanza. Mfukoni nilikuwa na 1,100.

Aliyeniokoa ni yule mama wa kanisani. Aliwahi kufanya kazi ya usafi pamoja na mjane mmoja wa Várzea, mwenyeji wa Pernambuco, aliyekuwa na vyumba viwili vidogo nyuma ya nyumba yake. Tulikwenda naye Jumapili. Mjane aliniangalia, akamuuliza mwenzangu: "Unamjua?" Mwenzangu akasema: "Ninamjua." Alikuwa amenijua miezi minne tu. Nikalipa mwezi mmoja mbele na mwezi mmoja wa dhamana, reali 500 kila mmoja kwa kuanza, na tukapatana kwamba mwaka unaofuata itakuwa 750. Vyumba viwili, choo changu mwenyewe, bomba la maji ndani. Namwita Dona, kama vile kwetu tunavyosema Mama kwa mtu tusiyemzaa wala kuzaliwa naye.

Basi nilikuwa na nyumba nafuu, lakini kazi yangu ilikuwa bado São Paulo, usafi wa ofisi karibu na stesheni ya Luz. Sasa sikilizeni namna treni ile inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya wengi inaharibika. Nauli ni moja tu. Ukipanda stesheni ya karibu ama ukitoka mbali kabisa, unalipa sawa. Mwaka 2025 ilikuwa reali 5.20. Mara ya kwanza nilifurahi: kilomita 50 kwa bei ya kilomita tano! Tena mwajiri anasaidia nauli kwa sheria, hakukati zaidi ya asilimia 6 ya mshahara. Nikasema hawa watu wana akili.

Ilinichukua miezi mingi kuona kwamba tofauti ya nauli ninailipa kwa kitu kingine. Nilitoka nyumbani saa tisa na dakika arobaini usiku ili nishike treni ya kwanza. Campo Limpo, Botujuru, bado unapata nafasi. Ukifika Francisco Morato watu wanaingia kama maji, na kutoka pale mpaka mjini unasimama ukishikwa na miili ya wengine. Hata ukilala huanguki. Kazi saa kumi na mbili asubuhi. Jioni ni njia ile ile kurudi. Masaa manne na zaidi kila siku. Siku moja niliandika hesabu nyuma ya tiketi: siku 22 za kazi, masaa 88. Ni zaidi ya siku tatu nzima, mchana na usiku, kila mwezi, ndani ya treni.

Nyumba za mbali ni rahisi kwa sababu hiyo. Pesa unayoiacha kwenye kodi unaitoa kwa usingizi. Wafanyakazi wa Francisco Morato, wa Franco da Rocha, wa Várzea wanajua hilo tangu wazazi wao. Mgeni analijua mwili ukishakataa.

Mwili wangu ulikataa mwezi wa saba 2024, wakati wa baridi. Ndiyo, kule kuna baridi, na nyumba hazina moto. Kikohozi kilishuka kifuani. Siku mbili nilikwenda kazi hivyo hivyo, kwa woga wa kufukuzwa. Siku ya tatu Dona alinikuta nimekaa chini pale mlangoni, akanipeleka kwa dharura ya hospitali ya serikali. Nilikuwa nahesabu kichwani: kadi ya mgonjwa pesa ngapi, sindano pesa ngapi, picha ya mapafu pesa ngapi. Kwetu, mnajua, mzazi anaweza kuzuiwa hospitalini na mtoto wake mchanga mpaka deni lilipwe. Walinipiga picha, wakanitundikia dawa, usiku kucha. Asubuhi niliuliza mahali pa kulipia. Muuguzi hakuelewa swali langu. Nikarudia kwa Kireno changu kibovu. Akasema: "Hapa hakuna mahali hapo."

Huduma ile inaitwa SUS, na ni ya kila mtu aliye ndani ya nchi, raia ama mgeni. Foleni ni ndefu, kupata daktari wa jambo maalum kunaweza kuchukua miezi, sitawadanganya. Lakini hospitali haikuniachia deni. Daktari alinipa karatasi ya siku kumi za kupumzika, na kwa sheria yao siku 15 za kwanza za ugonjwa mwajiri analipa kama kawaida. Mwajiri wangu alilipa. Kisha, mwezi uliofuata, aliniambia hanihitaji tena. Hakutoa sababu, na alilipa haki zote za kuachishwa. Jina lake halina maana hapa.

Tangu mwezi wa tisa ninafanya kazi Várzea penyewe, kiwandani, kwenye meza ya kufunga bidhaa. Ninatembea dakika 25 kwa miguu. Mshahara umepungua karibu reali 250 kuliko São Paulo. Ninalala saba mpaka nane. Naomba kijana anayeniandikia aweke vitu hivyo viwili upande kwa upande kabla ya kuniuliza kazi gani ni nzuri.

Sasa hesabu, kama mdogo wangu alivyotaka. Mshahara wa chini wa Brazili mwaka 2025 ulikuwa reali 1,518. Wangu ni 1,900. Ukikatwa akiba ya uzee unabaki karibu 1,750. Kodi 750. Maji na umeme 140. Mtungi wa gesi reali 110, unanikalia miezi miwili, basi 55 kwa mwezi. Simu na intaneti, ambayo ninagawana na Dona, 80. Kwenda São Paulo mara mbili kwa mwezi, kusali na kusuka nywele, reali 20. Chakula 450. Pesa ya Mama 200, ambayo ni dola 35 hivi, bila kuhesabu wanachokata wa kutuma. Jumlisha: 1,695. Inabaki reali 55, na humo mna viatu, sabuni, dawa ya meno na kila jambo lisilotazamiwa. Mwisho wa mwaka kuna mshahara wa kumi na tatu, nusu mwezi wa kumi na moja, nusu mwezi wa kumi na mbili. Huo ndio uliolipa jiko langu.

Chakula cha 450 si cha mtu yeyote, ni cha mtu aliyejifunza. Bugali ninapika na unga wao wa mahindi, fubá, ulio laini kuliko wetu. Ni kati ya vyakula vya bei ndogo kabisa dukani. Sokoni ninakwenda wakati wachuuzi wanataka kufunga. Nyanya za asubuhi za reali nane, mchana zinakuwa nne. Mayai yalipanda mwaka 2025, na kahawa ilipanda zaidi, hata hapa kwenye reli iliyojengwa kwa ajili ya kahawa. Mawese wanayo, wanayaita dendê. Chupa yake ni ndogo na ya bei, ninayatia kijiko kijiko. Ndagala hakuna. Nimeacha kuyatafuta.

Lakini sombe ninakula bure. Nyuma ya nyumba Dona ana mihogo. Walikuwa wanachimba mzizi na kutupa majani. Siku ya kwanza alipoona ninayachuma alipiga kelele kwamba ni sumu, nitakufa kwake na polisi watamuuliza. Nikamwambia kwetu tunayatwanga na kuyachemsha mpaka sumu iondoke. Sikuwa na kinu. Nikayasaga kwa blenda yake, nikayaacha motoni mchana mzima, nikatia karanga. Alisimama kando ya sufuria, mikono kiunoni, akanitazama nikila. Akangoja. Siku ya pili asubuhi aligonga mlango kuona kama niko hai. Siku ya tatu alileta sahani yake.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025 kodi yangu ilichelewa siku kumi na mbili, sababu Mama alikuwa mgonjwa na nilituma yote. Wakala angeniandikia barua. Dona alisema: "Utalipa ukipata," akarudi kutazama televisheni yake. Jambo hilo silioni mahali popote ndani ya hesabu yangu, na ni kubwa kuliko mistari yote.

Nimefika kwa neno gumu. Mdogo wangu hakuanza kufikiria kuuza parsele kwa sababu ya vita peke yake. Alianza kwa sababu yangu. Mwaka wa kwanza, nilipokuwa nalala nimesimama ndani ya treni, nilimtumia picha yangu mbele ya nyumba nzuri ya Jundiaí. Sikusema ni yangu. Sikusema si yangu. Aliponiuliza kazi yangu nikajibu: "Niko katika ofisi moja karibu na stesheni ya Luz." Ni kweli nilikuwa katika ofisi, nikisukuma ndoo na tambara. Kwenye redio, habari nisiyoihakikisha kwa watu wawili sikuisoma. Habari yangu mwenyewe nikaiacha iende hivyo, na sasa imefika mpaka kwenye parsele ya Papa.

Kisha siku nne za kunyamaza nilimtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja. Nilimsomea hesabu yote, mstari kwa mstari, na ile ndoo, na ile picha. Nikamwambia kwamba nauli ya ndege na viza vitameza parsele. Kwamba akifika atahitaji mtu wa kusema "ninamjua", na mimi nitasema. Kwamba chumba changu cha pili ni kidogo lakini mkeka unaingia. Kwamba miezi ya kwanza atapata kazi ya chini ya ile anayoifikiria, na kwamba reali 55 zangu haziwezi kulisha wawili. Nikamwomba asiweke sahihi kabla hatujazungumza na Mama.

Alijibu kesho yake, kwa maandishi, sababu mtandao ulikuwa mbaya. "Yaya, asante kwa kunieleza. Picha ile nilijua. Viatu ulivyovaa havikuwa vya mtu wa nyumba ile. Lakini hapa pia hakuna 55 inayobaki, na kulala hatulali."

Sina la kumjibu juu ya hilo. Yeye ndiye anayesikia risasi, mimi ninasikia treni. Mpaka leo ninapoandika, mnunuzi bado anangoja na parsele haijauzwa. Mama amesema miti ya maembe iachwe izae mara moja nyingine kwanza. Hatujui kama hilo ni ndiyo ama hapana.

Wengine mnaotaka kuuliza, niulizeni. Nitawajibu kwa namba, na pale nisipojua nitasema sijui.

Kutoka Várzea Paulista, jimbo la São Paulo, kwa wakaaji wa Uvira na wote waliotoka Uvira.